Wadudu Wamekufa Wote

Ejore hakuwa mtu wa kubishana na habari. Habari ikimjia aliipokea kama mgeni, akaipa mahali pa kukaa, ndipo baadaye akaitazama uso. Ndivyo alivyolelewa huko juu upande wa Nariokotome, ambako mtu aliyetoka mbali ndiye gazeti na ndiye redio. Shule ya misheni aliionja kidogo tu. Alifika pale herufi zinapoanza kushikana mikono na kuwa maneno, mbuzi wakamwita, naye akaenda.

Mbuzi nao wakaisha. Kiangazi kimoja kilichukua wengi, kilichofuata kikafagia karibu wote, na Ejore akateremka Kakuma na binti yake Amuria, mtu mzima anayejifunza kuishi karibu na maduka. Mume wa Amuria alikuwa amevuka mpaka pale Nadapal kutafuta kazi upande wa pili, na simu yake ilipatikana siku ilipotaka. Nyumbani walikuwa watatu basi: babu, mama, na mtoto Ebenyo, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kunywa uji.

Kazi ya Ejore ilikuwa kulinda kisima. Kilichimbwa kwa mikono kandokando ya mto mkavu wa Tarach, kikawekwa pete za saruji na kifuniko cha bati. Asubuhi alifungua bati, akafukuza mbuzi wa watu, akaamua ugomvi wa foleni, kisha akakaa kwenye kigoda chake akisikiliza kamba ikipanda na kushuka. Aliyekuwa na cheo hapo ni Lopeyok, mwenyekiti wa kisima, rika lake, mtu mnene wa sauti na mwembamba wa mwili, mwenye kofia yenye unyoya. Lopeyok alikipenda kisima kile. Usiku wa upepo aliamka kwenda kuweka jiwe juu ya bati. Hilo lisisahaulike tutakapofika mbele.

Sasa, kuna somo ambalo watu wa Tarach walikuwa wamelishika vizuri kuliko katekisimu. Kwa miaka mingi watu wa afya walikuja na vipaza sauti. Maji yana wadudu, walisema. Wadudu hao hawaonekani kwa macho. Wanaingia tumboni, wanaleta kuhara, wanaua watoto. Dawa inaua wadudu. Basi wakatia dawa kwenye kisima, maji yakanuka kidogo kama sakafu ya hospitali, na watoto wakaacha kuugua. Nani atabisha? Wadudu ni maadui, dawa ni rafiki. Hata wanawake walipogombana kwenye foleni mmoja aliweza kumwambia mwenzake, "Wewe unahitaji dawa, mdudu wewe."

Kisha dawa ya watu wa afya ikaisha, na wao wenyewe wakaadimika. Lopeyok alisumbuka. Alipita akiinama juu ya kisima, akichungulia kama mtu aliyeangusha sarafu. Siku moja akatangaza kwamba mambo yamekaa sawa, dawa ya wadudu imepatikana na ameitia mwenyewe. Watu wakampigia makofi, na hakuna aliyeuliza aliitoa wapi.

Ilikuwa baada ya hapo, si sana, mtoto Ebenyo alipoanza kutokwa na mate. Si mate ya meno yanayoota. Yalikuwa mengi, yanalowesha kifua. Alitapika uji, alilegea, tena miguu yake midogo ikawa inashtuka yenyewe kama ya mbwa anayeota. Amuria akampeleka zahanati. Huko walikuta wanaotapika ni wengi, wakapewa unga wa chumvi na sukari.

"Nichanganye na maji safi," Amuria alimwambia baba yake. "Walirudiarudia hivyo, Apa. Maji safi."

"Maji safi tunayo," Ejore akasema kwa fahari kidogo. "Yametiwa dawa."

Siku hizo ndipo alipokuja Adau. Alikuwa binti mrefu wa Kidinka, aliyezaliwa upande wa Bor na kukulia kambini hapo Kakuma. Mama yake alikuwa bado anaishi kambini, akiuza chai karibu na soko. Adau mwenyewe alikuwa amesoma, na sasa alifanya kazi Lodwar kwenye chumba cha kupima maji. Alikuja na chupa ndani ya sanduku la barafu.

"Ejok, mzee wangu?" Adau akamsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-noi, binti yangu. Unataka kunywa?"

"Hapana, nataka kubeba. Napitia visima vyote ya hapa Tarach. Napeleka maji Lodwar, nawapa viroboto."

Foleni nzima ikageuka.

"Unawapa nani?" mama mmoja akauliza.

"Viroboto wa maji. Wadudu wadogo hivi, kama punje ya chumvi. Nawaweka ndani ya maji, naangalia kama wanaishi."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwatisha ndege. "Kama ni viroboto, mbona umeenda mbali? Chukua kwa mbwa wa Lopeyok!" "Serikali imemaliza kuandika watu kazi, sasa inaandika viroboto!" "Na wanavaa sare?"

Adau akacheka nao, mtoto wa kambi huyo, hakukosa jibu. "Wanavaa. Sare yao ni kioo. Unaona mpaka moyo ukipiga."

Hilo Ejore alilichukua akalifikiria jioni nzima. Mdudu wa kioo. Lakini kilichomsumbua zaidi ni jambo jingine: mtu aliyesoma, tena wa maji, anafuga wadudu? Aliwasikia watu wa afya maisha yake yote. Hawakufuga.

Adau alipoondoka aliomba namba ya simu ya Ejore. Alivuka pia ng'ambo ya mto mkavu, kwenye kisima cha mama mmoja aitwaye Atiir. Kisima hicho kilikuwa shimo tu la mchangani, maji yake ya kijani, na ukikinga mkono uliona vitu vidogo vinarukaruka ndani yake. Watu wa upande wa Lopeyok walikipita wakiwa wamekunja pua.

Simu ikaja. Mtandao wa pale ni wa kubahatisha, ukisimama juu ya jiwe fulani unasikia, ukiteremka unakatika. Ejore alikuwa katikati ya kulipanda.

"Mzee! Ni Adau, Lodwar. Unanisikia? Maji yako... ina dawa. Dawa nyingi. Wadudu wamekufa wote! Wote, mzee! Sasa usi—"

Simu ikazimika. Betri ilikuwa imeisha, na jua la siku hiyo halikutosha kuchaji kitu.

Ejore alibaki juu ya jiwe, moyo umejaa. Maji yana dawa nyingi. Wadudu wamekufa wote. Mambo gani tena mtu angetaka kusikia? Akateremka akiwaambia kila aliyemwona, na kabla hajafika kisimani habari ilikuwa imemtangulia. Wanawake walipiga vigelegele. Lopeyok akavua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Si niliwaambia? Mliniona mjinga. Sasa Lodwar imesema!"

"Imesema wote," Ejore akathibitisha.

"Basi Jumapili baada ya kanisa naongeza kidogo, isije ikapungua nguvu."

Watu wakaitikia. Amuria akachota maji mengi, akachanganya ule unga wa chumvi na sukari, akamnywesha mwanawe kwa kijiko, bila haraka, kama anayelisha kifaranga. Na mtoto akazidiwa.

Hapo ndipo kichwa cha Ejore kilipofungana. Aliketi kwenye kigoda akizipanga habari zake, moja baada ya nyingine, na hazikupangika. Maji ni safi. Mtoto anakunywa maji hayo tu. Mtoto anaumwa. Akazipanga kutoka nyuma, bado. Mbwa wa Lopeyok naye alikuwa anatoa povu. Vyura waliokuwa wanapiga kelele kwenye dimbwi la maji yanayomwagika walikuwa wamenyamaza, naye alidhani ni kiangazi. Mwishowe akapata jibu lililokaa sawa: mtoto amenyweshwa mahali pengine. Akavuka mto kwa hasira.

"Mama Atiir! Mjukuu wangu amekunywa maji yako?"

Atiir alikuwa akikung'uta mchanga kwenye kata. "Maji yangu? Si ninyi mnaopita hapa mkiziba pua?"

"Maji yako ina wadudu. Mimi mwenyewe naona, wanaruka."

"Wanaruka, ndiyo, kama ndama wa mwaka mzuri. Lakini Ejore, niangalie. Watoto wangu wako wapi? Wale pale wanapigana. Kuna mmoja anatoka povu? Nenda ukaulize watoto wa upande wenu."

Ejore aliomba kuchukua maji kidogo kwenye chupa, na Atiir akampa, akimwambia akayapeleke hata kwa Papa. Akachota pia chupa ya kisima chake. Nia yake ilikuwa safi: angempelekea Adau maji haya machafu ya Atiir ili yashtakiwe. Alitia laini yake kwenye simu ya duka, akampigia, akaambiwa hapatikani. Basi atakwenda mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimwinamia Amuria.

"Mpe mtoto maji ya kwetu tu. Ya kwetu peke yake. Mara kwa mara."

"Nampa, Apa."

Alipata lori lililokuwa linarudi tupu kutoka mpakani, akapanda nyuma, chupa mbili kifuani, moja wazi kama machozi, nyingine ya kijani. Lodwar aliuliza, akaelekezwa Nawoitorong, kwenye nyumba yenye ua wa matete na chumba cha bati nyuma yake. Adau alitoka akiwa amejifunga leso mikono ikiwa imelowa.

"Mzee wangu! Nimekupigia mpaka nimechoka! Watu wameacha ile maji?"

"Kuacha? Kwa nini waache? Wanashukuru."

Adau alimtazama. Yeye akamtazama Adau. Kila mmoja alidhani mwenzake hakulala vizuri.

"Ingia," Adau akasema. "Ingia uone kwanza."

Dirishani kulikuwa na bilauri zimepangwa. Ejore aliinama kwenye ya kwanza, akaona maji matupu, kisha maji yakaanza kuchezacheza. Vijidudu vilikuwa vinapanda kwa mruko, vinashuka, vinapanda tena, kama vumbi kwenye mwali wa jua, ila vumbi lenye nia. Adau akamnasa mmoja, akampa Ejore kioo cha kukuzia. Kweli alikuwa wa kioo! Jicho moja jeusi, tumbo la kijani la chakula alichokula, na nyuma ya mgongo kitu kinapigapiga upesi, upesi.

"Huo moyo," Adau akasema.

"Haya. Na pua?"

"Hana pua. Ana vipapasio, zile kama mikono, na hapa mbele karibu na mdomo kuna ndogo zingine, na mwisho wake vinywele. Ananusa na hivyo. Anajua chakula, anajua adui, anajua maji imechafuka. Ni ndugu wa mbali wa kaa na kamba wa ziwa."

"Anajua adui bila kumwona?"

Badala ya kujibu Adau alichota maji kwenye ndoo iliyokuwa na tilapia mmoja anayezunguka, akayamimina taratibu kwenye bilauri. Samaki alibaki ndooni. Maji yake tu ndiyo yaliyoingia. Ejore alisubiri. Kidogo kidogo vile vijidudu vikaanza kuteremka, vikajikusanya chini, gizani, kama watu waliosikia mlio wa bunduki upande wa malisho.

"Wamemkimbia samaki ambaye hayupo," Ejore akanong'ona.

"Yupo, kwenye harufu. Sasa ikiwa maji ina sumu kidogo, hizo vinywele zinachanganyikiwa. Anasikia samaki, badala ya kushuka anapanda juu. Hajui tena adui ni nani, rafiki ni nani. Ikiwa sumu ni nyingi..." Akasogeza bilauri mbili za mwisho. "Hii ni maji ya Mama Atiir. Hii ni yako."

Ya Atiir ilikuwa inacheza. Yake ilikuwa imetulia. Chini, kwenye kioo, kulikuwa na unga mweupe.

"Wamekufa wote," Adau akasema polepole.

Ejore alilisikia neno lile lile kwa mara ya pili, na safari hii lilikuja limegeuka, kama shuka iliyovaliwa ndani nje. Alishika meza. "Lakini wewe ulisema maji ina dawa."

"Ina dawa! Dawa ya kuua wadudu. Haijawaua chumvi ya ardhini, maana Atiir yuko mto ule ule na wake wanaishi. Sijui ni dawa gani, hawa hawasemi jina, wanasema tu 'hapa pabaya'. Sasa mzee, nani alitia dawa?"

Kilichokuwa kichwani mwa Ejore ni kijiko, na mkono wa Amuria, na maneno yake mwenyewe: mara kwa mara.

"Nipe simu," akasema. "Nipe simu, mwanangu."

Namba pekee aliyoijua kichwani ilikuwa ya Lopeyok. Ikaita, ikapokelewa.

"Lopeyok! Maji ina dawa!"

"Tunajua, mwenzangu! Habari ya Lodwar?"

"Hapana, sikia. Wadudu wamekufa!"

"Ee, tunashukuru Mungu. Nimeshatoa chupa, nangoja tu Jumapili."

"Usitie! Chupa gani hiyo?"

"Ile ile ya mbuzi. Ya kupe. Si ni dawa ya wadudu? Imeandikwa hapo, mtoto wa dada yangu alinisomea, dawa ya wadudu. Watu wa afya walisema maji ina wadudu. Sasa mimi nikae tu?"

Adau alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Ejore alifumba macho. Hakuwa na hasira. Angekuwa yeye ndiye mwenyekiti, na chupa ile ikawa kwake, angefanya nini? Angetia. Tena angetia nyingi, kwa sababu ya Ebenyo.

"Lopeyok, sikia vizuri. Mwite Amuria. Amwage maji yote ya nyumbani. Funga kisima kwa miiba. Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi, na ubebe hiyo chupa, waonyeshe daktari. Akipata kiu, apewe maji ya Atiir, yachemshwe."

"Ya Atiir? Yale yenye wadudu?"

"Hayo hayo. Kwa sababu yana wadudu."

"Ejore," Lopeyok akasema kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa, "umekunywa nini huko Lodwar?"

"Hii maneno mimi pia inanipita! Lakini mdudu wa huku amekufa ndani ya maji yetu, na mbwa wako anatoka povu, na mjukuu wangu anatoka povu. Ni dawa ya kupe, Lopeyok. Mbuzi wakiilamba wanafanyaje?"

Hapo Lopeyok, mchungaji kama yeye, alielewa. Hakuelewa viroboto wala vipapasio. Alielewa mbuzi aliyelamba dawa, miguu inavyoshtuka, mate yanavyotoka. Ejore alisikia simu ikianguka chini, na sauti ya mwenzake ikiita "Amuria! Amuria!" ikipotelea mbali, kisha upepo tu.

Lori la kurudi lilikawia. Adau alimpa chai, haikushuka. Ili kumsaidia kusubiri alimweleza kwamba hata mama yake mwenyewe hamwelewi. Kule kwao Bor walifundishwa kuchuja maji kwa kitambaa, kwa sababu kuna kiroboto wa maji anayebeba mnyoo unaotokea mguuni. "Mama anasema nimesoma ili nifuge kitu alichokuwa anachuja. Namwambia yule ni binamu, si huyu. Anasema ukoo ni ukoo."

"Kwa hiyo wengine wabaya?"

"Wengine wabaya. Na hawa wangu, wakiishi, haimaanishi hakuna vile vidogo vya kuhara. Hivyo hawavijui. Ndiyo unachemsha."

Ejore alitikisa kichwa. Kila alipofikiri ameshika mkia wa jambo, lilikuwa na mkia mwingine.

Alimkuta Ebenyo hospitali, mrija mkononi, amelala kifuani mwa mama yake. Chupa ya kupe ilikuwa mezani kwa daktari. Lopeyok alikuwa amekaa sakafuni nje ya mlango, kofia mapajani, unyoya umevunjika. Hakunyanyua uso. Ejore alikaa karibu naye, bega kwa bega. Mchana wa pili mtoto alifumbua macho, akalia kwa sauti ya kudai kitu, na Lopeyok ndiye aliyelia baada yake.

Kisima kilikombwa. Wanaume walichota wakamwaga mbali, maji mapya yakaingia, yakachotwa tena, wiki baada ya wiki, na watu wote wakinywa kwa Atiir, ambaye hakumsamehe mtu bila kumtania kwanza. Kila mara Ejore alipeleka chupa barabarani kwa dereva wa Lodwar, akangoja juu ya jiwe lake. Lakini walikuwa wamekubaliana na Adau jambo moja: yale maneno mawili, dawa na wadudu, yasitumike tena kwenye simu. Ejore ndiye aliyepata jina jipya. Viroboto wale aliwaita watoto wa Adau.

"Watoto wa Adau wamekufa," alitangaza mara ya kwanza, na watu wakatikisa vichwa, wakarudi kwa Atiir. Mara nyingine: "Watoto wa Adau wako hai, lakini wamechanganyikiwa. Wanamfuata samaki." Watu wakasema afadhali, tungoje.

Asubuhi moja simu ikaja wazi, bila kukatika. "Mzee! Wanacheza! Nimewapa harufu ya samaki, wameshuka wote chini, wana akili timamu!"

Ejore aliteremka jiwe akipiga kelele, "Watoto wa Adau wanacheza!" Amuria akaja na mtungi, akachota wa kwanza, Ebenyo mgongoni akimvuta nywele. Hakumpa hapohapo. Alibandika sufuria, akachemsha, akaacha yapoe, kisha akakitazama kijiko. Akamtazama baba yake.

"Apa, una hakika?"

Ejore alifungua mdomo kusema ndiyo, akaona hawezi. Alichukua kikombe, akanywa yeye kwanza, akakaa. Lopeyok akakipokea, akanywa naye, akakaa. Wakaangaliana miguu, kama kuna anayeshtuka.

Walikuwa bado wanaangaliana hivyo alipotokea mama mmoja mrefu, mzee wa Kidinka, amebeba birika la chai, anatembea kwa hatua za ugomvi.

"Nani hapa anaitwa Ejore?"

"Mimi, mama."

"Soko yote inaniambia. Watoto wa binti yangu walikufa, sijaambiwa. Wengine wakachanganyikiwa, sijaambiwa. Leo wanacheza. Adau hana bwana! Hao watoto baba yao nani?"

Lopeyok alijificha nyuma ya kofia. Ejore alimvutia mama huyo kigoda, akatafuta neno la kuanzia, akalikosa, akatafuta lingine. Nyuma yake Amuria alikuwa ameshampa mtoto kijiko cha kwanza, na mtoto alikuwa anataka cha pili.